Ua Ulioanguka

Wiki ya kwanza ya Disemba, saa nane usiku, nilisikia kishindo kwenye roshani. Nikadhani ni paka wa keateka. Kumbe ni mmea wangu. Ulikuwa umelala kifudifudi, chungu kimepasuka, udongo umetapakaa hadi mlangoni, na maziwa meupe yanachuruzika kila mahali palipovunjika.

Mmea huo niliununua kando ya barabara hapa Nairobi kwa shilingi 1,200. Muuzaji aliniambia ni kaktasi ya penseli, haitaki kazi nyingi, hata ukisafiri mwezi mzima utaikuta. Hauna majani ya kuhesabika. Ni vijiti tu vya kijani, vinene kama penseli, kila kijiti kimezaa vingine viwili au vitatu. Nilipouleta ulinifika kiunoni. Baada ya miaka miwili ulikuwa umenipita kimo, kichwa kizito kama ufagio wa kufagilia uwanja, lakini shina la chini limebaki jembamba kama kidole gumba. Nikaufunga kwenye fimbo ya mwanzi. Ulipoinama zaidi, nikaongeza fimbo ya pili. Usiku ule vyote vitatu vilianguka pamoja.

Asubuhi nikampigia shosho simu ya video. Mimi nimepewa jina la guka, kwa hivyo shosho huniita mzee wake.

"Mzee wangu," akasema, akiisogeza simu karibu na jicho. "Hiyo si kariaria?"

Nikamwambia ni kaktasi.

"Hiyo ni kariaria. Iko hapa nje. Uliitoa wapi?"

Nikamwambia niliinunua.

Kimya. Halafu nikasikia akimwambia mtu pembeni, kwa Kikuyu, kwamba watoto wa Nairobi sasa wananunua fensi. Alicheka hadi akampa binamu yangu simu ashike. Aliporudi, hakuwa anacheka tena. "Na kwa nini hukuikata?"

"Ilikuwa inakua vizuri, shosho."

"Haikuwa inakua. Ilikuwa inatafuta jua."

Nimeishi na jibu hilo tangu siku ile, kwa sababu lilinirudisha kwenye historia ambayo nilikuwa nimepita kando yake maisha yangu yote, kila Krismasi, nikiwa na begi mgongoni.

*

Tuanze na jina. Kariaria si kaktasi. Kaktasi, karibu zote, asili yake ni Amerika. Kariaria ni ya jamii nyingine kabisa, na wataalamu wengi wanakubaliana kwamba kwao ni huku Afrika. Zinafanana kwa sababu zilikabili tatizo moja, ukame, zikafikia suluhisho moja: tupa majani, weka maji kwenye shina. Ukitaka kuzitofautisha, kata kidogo. Ikitoa maziwa, kwa kawaida hiyo si kaktasi, na usijiguse macho.

Wakamba wanaiita ndau. Waluo wanaiita ojuok. Tanzania utasikia mnyaa, na pia manyara. Hilo la mwisho si geni kwako: Ziwa Manyara linasemekana kupata jina kutoka kwa neno la Kimaasai, emanyara, yaani huu mmea unaopandwa kuzunguka boma ili mifugo isitoke na fisi asiingie.

Kwenye vitabu vya sayansi unaitwa Euphorbia tirucalli, na jina hilo limetembea kuliko mimi. Nusu ya kwanza ni ya daktari. Juba wa Pili, mfalme wa Mauretania kule Afrika ya Kaskazini zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, alipata mmea wa maziwa makali kwenye milima ya Atlas akaupa jina la tabibu wake, Euphorbus. Nusu ya pili ni ya India. Hendrik van Rheede, mtawala wa Kiholanzi kwenye pwani ya Malabar, aliwakusanya wajuzi wa mitishamba wa huko na kutoa kitabu cha juzuu 12, Hortus Malabaricus, kati ya 1678 na 1693. Humo mmea wetu, ambao ulikuwa umeshavuka bahari, umeandikwa kwa jina la wenyeji: tirucalli. Mwaka wa 1753, Linnaeus kule Uswidi aliunganisha majina hayo mawili na hivyo ndivyo ulivyosajiliwa.

Kwa hivyo mmea wa Afrika una jina la tabibu wa mfalme na jina la Kihindi, na uliuzwa kwangu kwa jina la kaktasi ambalo si lake. Jina la shosho pekee ndilo halikuwa kwenye risiti.

*

Sasa, kwa nini unaanguka?

Nilidhani ni upepo. Upepo husukuma tu. Sababu iko chini. Kariaria inayoota juani, kwenye udongo mbaya wenye mawe, hukua polepole na shina lake hunenepa na kuwa mti kamili. Inaweza kufika mita kumi na ikasimama. Jamaa yake mkubwa, ile Euphorbia candelabrum yenye umbo la kinara cha mishumaa, ana msitu mzima ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru, na hakuna aliyeifungia fimbo hata mmoja.

Lakini uweke mmea huo huo kwenye roshani inayopata jua la saa mbili, tena upande mmoja. Unarefuka haraka kuelekea mwanga, na kile kipande kinachorefuka kivulini kinabaki chembamba. Uupe maji mengi, kama nilivyofanya kwa sababu nilikuwa naupenda. Unanyonya, unajaza vijiti vya juu, na maji ni mzigo. Uuweke kwenye chungu chepesi cha plastiki chenye udongo laini wa samadi. Mizizi yake haiendi chini sana. Sasa una tangi la maji juu ya penseli, ndani ya kopo. Fimbo niliyoufungia ilinificha ukweli tu: mmea uliofungwa hautikiswi na upepo, na shina lisilotikiswa halijijengi.

Ushago unaanguka pia, kwa sababu nyingine. Ua usiokatwa huenda juu kila mwaka. Kila tawi huzaa matawi kwenye ncha, uzito wote unapanda, na chini panabaki wazi. Kisha unakuja msimu wa mvua kubwa: matawi yanajaa maji, udongo unalainika, na safu nzima inalala upande mmoja. Matawi yenyewe ni ya kuvunjika kirahisi. Na hapa ndipo mmea huu unapokuwa tofauti na miti mingine. Mwingine ukianguka, unakauka. Kariaria ikianguka, inashika mizizi pale ilipogusa ardhi.

Weka jambo hilo akilini.

*

Shosho aliupanda ua wetu mwenyewe, na aliupanda kwa sababu ya serikali.

Shamba liko upande wa chini wa Murang'a, kule kunakoelekea Makuyu, ambako mvua ni ya kubahatisha. Wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952, guka alichukuliwa akawekwa kizuizini. Mwaka wa 1954 serikali ya kikoloni ilianza kuwahamisha Wakikuyu kutoka kwenye miji yao na kuwaingiza vijijini chini ya ulinzi. Kufikia mwisho wa 1955 zaidi ya watu milioni moja walikuwa wameingizwa kwenye vijiji zaidi ya 800. Wanawake ndio waliochimba mahandaki ya kuwazingira, kwa sababu wanaume wengi hawakuwepo.

Mwaka huo huo wa 1954, Roger Swynnerton wa Idara ya Kilimo alitoa mpango unaojulikana hadi leo kwa jina lake. Vipande vya ardhi vilivyotawanyika, kimoja bondeni, kingine mlimani, kingine kwa mjomba, vingekusanywa kuwa shamba moja. Kila shamba lingepewa mwenyewe, lisajiliwe, lipewe hati, na mwenye hati aruhusiwe kulima kahawa na kukopa. Kwa kilimo mpango ulikuwa na mantiki. Kwa siasa, maafisa walitaka tabaka la wenye mashamba ambao wangekuwa na kitu cha kupoteza wakifikiria kuasi. Kazi ya kugawa ilifanywa na kamati za wazee wakati maelfu ya wenye ardhi walikuwa nyuma ya seng'enge. Wapo waliotoka wakakuta wamepunguziwa. Wapo waliotoka wakakuta hawana.

Guka alikuwa na vipande vitano. Shosho, akiwa na miaka ishirini na kitu na mtoto mgongoni, alisimama mbele ya kamati peke yake. Aliondoka na kipande kimoja, na mpaka siku ya leo atakuonyesha kwa kidole ile miti iliyokuwa yetu ng'ambo ya mto. Hasemi kwa uchungu. Anaonyesha tu, kama mtu anayekuonyesha choo kiko wapi.

Baada ya vigingi kupigwa, wenye mashamba waliambiwa wapande ua kwenye mipaka yao. Si kwa ajili ya urembo. Ramani zilichorwa kutokana na picha zilizopigwa na ndege, na ndege haioni kigingi. Inaona mstari wa miti. Ukipanda ua ukaota vizuri, uko kwenye ramani. Shosho alienda kwa shangazi yake upande wa ukame, akakata mizigo mitatu ya kariaria, akaibeba kwa mgongo. Kwa nini kariaria? Mbuzi hailimi kwa meno, haihitaji maji, na haina bei. Vipande vyake hushika hata kama uliyepanda una haraka.

"Nilipanda nikikimbizana na ndege," aliniambia.

*

Jambo ambalo wengi wetu hatulijui ni kwamba sheria ya Kenya bado inategemea ua huo.

Mashamba mengi ya vijijini yana kile kinachoitwa mpaka wa jumla. Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya 1963 ilisema ramani ya msajili inaonyesha mpaka kwa kukadiria tu, na Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 ikaendeleza msimamo huo huo. Maana yake ni kwamba ile hati iliyofungiwa sandukuni, iliyozungushiwa karatasi ya nailoni, inakuambia ardhi ni ya nani na iko karibu wapi. Mstari wenyewe uko nje, shambani. Ni mti, ni jiwe, ni ua. Ndiyo maana sheria ya 2012 inamtaka mwenye ardhi atunze ua, mawe na alama nyingine za mpaka wake, na kuziharibu au kuzisogeza kimakusudi ni kosa.

Soma hilo tena ukiwaza kariaria. Mpaka ulio hai, unaorefuka kila mwaka, ukichoka unalala, na ukilala unaota mizizi mahali pengine. Usipoukata, mpaka unatembea.

Wetu ulitembea. Guka ndiye aliyekuwa akiukata, kila Januari, kimo cha kifua. Alipofariki, sisi sote tulikuwa mjini. Ua ukaenda juu hadi ukalingana na paa. Masika ya 2018, yale ya mafuriko, safu ya chini ililala yote kuelekea kwa jirani, kwa urefu wa kama hatua arobaini. Hakuna aliyeinua. Matawi yakashika, yakachipua, yakasimama wima. Kufikia Krismasi hii kulikuwa na ua mpya, mzuri, mnene, hatua tatu ndani ya shamba la watu.

Na kijana wa yule jirani alikuwa amerudi. Anataka kujenga.

*

Tarehe 26 Disemba tuliketi nje, chai mkononi. Baba mdogo alikuwa na msimamo wake. Ramani ni ya kukadiria. Mashahidi wa zamani wamekufa. Ua upo, unaonekana, una miaka sita, na miaka inapita haraka. Hatukusogeza kitu, Mungu ndiye aliyeangusha. Akasema hatua tatu mara arobaini, kwa bei za sasa kule, si pesa za kudharau.

Nitasema ukweli: nilimsikiliza. Mimi nalipa kodi ya nyumba ambayo roshani yake haitoshi mmea mmoja. Nilianza kupiga hesabu kichwani.

Shosho alimaliza chai yake, akageuza kikombe juu chini. Halafu akaongea polepole. "Hatukuchukua. Ua ulianguka. Lakini ukiuacha umelala, umechukua."

Baba mdogo akasema mama, hata sisi tulichukuliwa.

"Ndiyo. Na waliotuchukulia nawajua kwa majina. Sitaki mtu aje kunijua mimi hivyo."

Akainuka na fimbo yake, akateremka shambani, sisi nyuma. Mstari wa zamani ulikuwa umemezwa na majani. Akatuonyesha tufyeke wapi. Chini ya majani kulikuwa na visiki, vinene kama paja, vingine vimeoza, vingine bado vinatoa chipukizi za kijani. Vimenyooka kutoka jiwe la juu hadi mwembe wa chini. Hatukuhitaji savea. Kijana wa jirani aliitwa, akaja na mama yake, wakasimama upande wao. Yule mama alimwangalia shosho, akasema kitu kimoja tu: "Nilijua utakumbuka."

*

Kazi ilituchukua siku tatu, na shosho alisimamia akiwa kwenye kiti cha plastiki. Nitakueleza alivyotuelekeza, kwa sababu ni yale yale utakayohitaji kwenye roshani yako.

Kwanza, macho. Maziwa ya kariaria yakiingia jichoni ni maumivu makali, na unaweza kukosa kuona kwa muda. Tulivaa miwani, mikono mirefu, glavu. Upepo uwe mgongoni mwako. Yakikupata, osha kwa maji mengi safi bila kusimama, kisha nenda hospitali, usingoje kesho. Usichome matawi pia. Moshi wake unawasha. Wavuvi wa zamani walitumia maziwa hayo kulewesha samaki, kwa hivyo yaheshimu.

Pili, msimu. Kata wakati wa ukavu. Kidonda kikinyeshewa kinaoza.

Tatu, usiinue kilicholala. Hili ndilo lililonishangaza. Baba mdogo alitaka tuvute safu nzima kwa kamba irudi wima. Shosho alikataa. Shina lililopinda halinyooki. Utalifunga leo, litaanguka mwaka ujao na kamba yako. Kata. Kwenye visiki vilivyo hai, kata pasafi kimo cha goti. Chini ya kidonda patachipua matawi mawili, matatu, na ua utajaa kuanzia chini. Kwenye matawi yaliyoanguka, chagua yaliyonyooka, kata vipande vya urefu wa mkono.

Nne, acha kidonda kikauke. Vipande hulazwa kivulini wiki moja au zaidi, hadi pale pa kukatia pawe na ngozi. Ukipanda kibichi, kinaoza ndani ya udongo. Vyetu tulivirundika chini ya mwembe tukarudi Januari kupanda: shimo fupi, udongo wenye mawe, hakuna samadi, hakuna maji siku za mwanzo.

Nyumbani ni hivyo hivyo. Chungu kizito cha udongo, chenye tundu chini. Mchanga wa kokoto zaidi ya udongo laini. Jua la kutosha, na ukigeuze chungu robo kila wiki ili mmea usijipinde upande mmoja. Maji ukiona udongo umekauka hadi chini. Fimbo ni ya wiki chache tu, wakati mizizi inashika. Baada ya hapo iondoe. Na ukate ukiwa bado mfupi. Samaki mkunje angali mbichi.

*

Huwa tunafundishwa historia ya ardhi kama historia ya karatasi: mpango, sheria, hati, kesi. Zote ni za kweli. Lakini kwetu mpaka ulibaki mahali pake kwa sababu mzee mmoja alikuwa na panga kila Januari, na ulitembea alipokosekana. Hakuna aliyeiba. Ilitosha watu wote kuwa na shughuli mjini.

Sasa tumepangiana zamu. Januari ni baba mdogo, mwakani ni mimi, na binamu yangu ameweka kikumbusho kwenye simu yake.

Kule mwisho wa mstari, karibu na mwembe, kulikuwa na pengo dogo. Nilikuwa nimebeba kile kichwa cha kaktasi yangu kutoka Nairobi, kimefungwa kwa gazeti, kidonda kimekauka vizuri. Nikakipanda hapo, katikati ya wenzake. Shosho alikiangalia sana.

"Hiki ndicho cha kununuliwa?"

"Ndicho."

"Pesa ngapi?"

Nikamwambia mia mbili. Akatikisa kichwa, akasema wamekuibia.